Kisima Kinachopumua cha Kwa Mkocho

Watu wa Kwa Mkocho hawakuitana majina asubuhi karibu na kisima cha mzee Bwanaheri. Mama mwenye mtoto mtundu alimshika mkono akamvuta kimyakimya, na kama hapana budi aseme, alisema "wewe" au "njoo", basi. Kuanzia alfajiri mpaka jua lipande, kisima kile kilikuwa kikivuta pumzi. Ukiweka sufi kiganjani juu ya mdomo wake, sufi ilinyanyuka, ikazunguka kidogo kana kwamba inatafuta njia, kisha ikazama gizani. Jina nalo, walisema, huzama vivyo hivyo, na mwenye jina hufuata.

Ilipokaribia saa nne kisima kilinyamaza. Kikatulia kitambo, mithili ya mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Halafu kikaanza kutoa. Hewa ya baridi, yenye harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, ilipanda mpaka alasiri, na wakati huo kila mtu alikuwa huru. Wanawake walikaa ukingoni wakisuka ukili, upepo ule ukiwapoza miguu, wakasema kimeshiba, sasa kinacheua.

Wavuvi wa Kaole waliopita huko walitaka kusema kwamba kinafuata maji kujaa na kupwa. Lakini bahari hubadili saa zake kila siku kwa kuufuata mwezi, na kisima hakikujua mwezi. Kilikuwa na saa zake, hakikuchelewa hata Idi.

Nyumba ya Bwanaheri ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Yeye alikuwa mchoma chokaa: alivunja mawe ya matumbawe, akayapanga juu ya magogo katika tanuri la wazi, akayachoma mpaka yakawa unga mweupe wa kujengea nyumba za mjini Bagamoyo. Mkewe aliitwa Mize. Walijaliwa watoto wawili, Sadallah na mdogo wake wa kike, Mwanvita, na habari hizi ni za huyu Mwanvita.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wakati wa kiangazi kikali, kamba ilikatika na ndoo ya shaba ya Mize ikabaki kisimani. Sadallah, kijana aliyekwisha kuposa, alisema ataiteremkia. Ilikuwa asubuhi. Bwanaheri akamkataza kwa ukali.

"Sasa hivi kinavuta. Ngoja kishibe."

Wakangoja. Walikunywa chai, wakazungumza habari za harusi. Jua lilipofika utosini na kisima kikawa kinatoa vizuri, Bwanaheri alimfunga mwanawe kamba kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, akalijaribu fundo, akasema, "Bismillahi." Sadallah akateremka huku akiimba wimbo wa kuchezea bwana harusi. Mwanvita alikuwa ameinama ukingoni, akausikia wimbo ukishuka, ukishuka, ukiwa mdogo. Ulikatika katikati ya neno. Haukufuatiwa na kelele wala kishindo. Kamba tu iliongezeka uzito.

Walipompandisha hakuwa na jeraha. Uso ulikuwa umetulia, midomo imeiva rangi ya zambarau, kama mtu aliyelala akasahau kuamka. Baba yake alimwita jina lake mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, jinsi mtu anavyoitwa aje kula.

Kisima kikafunikwa mbao nzito. Kila Ijumaa Mize alifukiza ubani hapo, akanyunyiza marashi. Lakini mbao zina nyufa, na asubuhi moshi wa ubani haukupanda juu. Uliinama, ukaingia katikati ya mbao kama unaonywewa.

Mwanvita akawa mwalimu. Alisomesha shule za msingi, miaka mingi zaidi Kerege, akaolewa, akaachika bila ugomvi, akaendelea na chaki yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mrefu, mwenye mazoea ya kusimama mbali kidogo na dirisha. Hakupenda kulala mahali anaposikia mtu mwingine akihema. Mwaka 1976, kwa uzoefu wake wa kazi, alikubaliwa kusoma Chuo Kikuu, kule Mlimani, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka thelathini na ushei, akaketi dawati moja na vijana ambao angeweza kuwa ndiye aliyewafundisha kusoma.

Muhula wa kwanza kulikuwa na somo la utangulizi ambalo wanafunzi walilibandika jina la Pilau, kwa sababu fizikia, kemia, nishati na mazingira vilipikwa chungu kimoja. Mhadhiri wake alikuwa Dokta Wilbrodi, mtu wa bara, mpole, mwenye kikohozi kikavu. Alifundisha kwa Kiingereza, na Mwanvita akawa anayageuza maneno moyoni mwake, kila moja akilitafutia kitu cha kwao. Wakati ule dizeli ilikuwa imepanda bei duniani kote, na Jumapili alasiri magari yalikatazwa barabarani. Dokta Wilbrodi hakuhitaji kuwashawishi wanafunzi kwamba nishati ni jambo la kufikiriwa. Wengi walikuwa wamekuja chuoni kwa miguu.

Siku moja aliingia na kipande cha jiwe la pwani. Alilitia katika chupa kubwa, akalimiminia tindikali, jiwe likachemka na kutoa povu.

"Ndani ya jiwe hili mmefungwa hewa," alisema. "Nzito kuliko hii tunayovuta. Haina rangi. Haina harufu. Angalieni."

Alikuwa amepanga mishumaa katika ngazi ndogo ya mbao, yote inawaka. Akachukua jagi lililoonekana tupu, akaliinamisha juu ya ngazi, taratibu, kama anayemimina maji. Hakuna kilichoonekana kikitoka. Mshumaa wa chini ulizimika. Ukafuata wa pili yake. Ndimi za moto hazikuyumba wala kupepesuka; zilifupika tu, zikatoka utambini, zikaisha. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinapanda ngazi.

Vijana walipiga makofi. Mwanvita alisikia wimbo wa kuchezea bwana harusi ukikatika katikati ya neno. Akatoka nje kabla makofi hayajaisha.

Baada ya hapo aliwekwa katika zamu ya kusoma barometa, chombo cha kupimia uzito wa hewa kilichotundikwa ukutani karibu na maabara. Wenzake walisoma haraka wakaenda zao. Yeye alikaa. Aliuona mshale ukipanda tangu asubuhi, kidogo kidogo, kisha ukasimama. Ukatulia kitambo. Akatazama saa ya ukutani: saa nne. Mshale ukaanza kushuka, na ukashuka mpaka alasiri. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Siku ya nne hakuhitaji kutazama mshale. Alikuwa ameukaribia ukuta, na mshale ulipogeuka alisikia, wazi kabisa, katika jengo la zege lililojaa harufu ya dawa za maabara, harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Alimfuata Dokta Wilbrodi chumbani kwake.

"Kwa nini mshale unapanda na kushuka saa zilezile, hata pasipo mvua?"

Mhadhiri alifurahi kuulizwa, akamjibu kwa Kiswahili. "Jua hulipasha moto anga, nalo hutikisika kama maji katika beseni, mara mbili kwa siku. Kwao Wazungu dhoruba hulificha jambo hili. Huku kwetu linaonekana kama saa ya ukutani."

"Na kama chini ya ardhi kuna pango lenye tundu dogo?"

"Basi pango litapumua. Hewa ya nje ikizidi uzito, inaingia. Ikipungua, ile ya ndani inatoka."

"Hewa ya ndani ikoje?"

"Inategemea. Kama mawe ni ya matumbawe, na kuna mizizi na uozo, oksijeni imekwisha kuliwa, imebaki ile ya kwenye jagi."

"Na mtu akitaka kuteremka humo?"

"Ateremke likiwa linavuta, maana linavuta hewa safi ya nje," Dokta Wilbrodi alisema, akikohoa. "Likitoa, asisogee kabisa. Atakuwa anaingia kinywani."

Alishukuru, akatoka, akaketi kwenye ngazi. Wanafunzi wakampita huku na huku. Haikuwa hofu ya kisima iliyomkalisha. Alikuwa anauona mkono wa baba yake ukilijaribu fundo la kamba, saa sita mchana, baada ya kungoja asubuhi nzima kwa mapenzi.

Aliporudi nyumbani likizo alizikuta zile mbao zimeondolewa.

Kijiji kilikuwa na kisima kipya karibu na ufuko, chenye mashine ya kuvuta maji kwa dizeli. Kwa muda mashine ilikuwa sifa ya Kwa Mkocho. Iliunguruma mchana kutwa, na watu wakamwagilia hata miche ya minazi. Kisha chai ikaanza kuwa na ladha ya machozi. Maji yaligeuka chumvi, na dizeli nayo ikaadimika, mashine ikabaki imeinamisha shingo. Pazi, mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye haraka na nia njema, akaona hakuna njia ila kukifungua kisima cha Bwanaheri, kisafishwe, kifukuliwe. Alikuwa ameleta mchimbaji kutoka Chalinze, kijana mnene wa mabega aitwaye Rajabu.

"Kesho," Mize alimwambia binti yake jikoni, akikuna nazi bila kuinua macho. "Baba yako ndiye amewapa saa. Saa sita, kikiwa kimeshiba."

Mwanvita akamweleza mama yake yote. Habari za jagi, mishumaa, mshale. Mize aliacha kukuna. Mbuzi ya nazi ikatulia chini yake.

"Usimwambie."

"Mama..."

"Baba yako amekula na kulala miaka yote hii kwa sababu moja. Anajua alimngojea mtoto saa nzuri. Ukimpokonya hiyo, utambakishia nini?"

"Na huyo Rajabu? Hana mama?"

Mize alichota nazi kwa kiganja, akairudisha, akaichota tena.

Baada ya magharibi Mwanvita alijaribu kupita pembeni. Alimwamkia baba yake shikamoo, akaketi mkekani, akasema labda ingefaa Rajabu ateremke mapema, jua halijawa kali.

Bwanaheri alimtazama kama mgeni. "Asubuhi? Kinavuta? Unataka kimmeze mtoto wa watu? Wewe si ulikuwepo!"

"Nilikuwepo, baba."

"Basi."

Kesho yake, saa sita, nusu ya kijiji ilikuwa imekusanyika. Kisima kilikuwa kinatoa. Kiliinua pindo za kanga za wanawake waliosimama karibu, na mlio wake ulikuwa mdogo, wa chini, unaosikika kifuani zaidi kuliko masikioni. Rajabu alikuwa ameshavua shati, anafungwa kamba. Aliyemfunga alikuwa Bwanaheri. Mkono ule ule ulilijaribu fundo.

Mwanvita akatoka ndani na kandili inayowaka.

"Mwenyekiti," alisema, "kabla hajateremka mtu, nateremsha taa."

"Mwalimu, mchana huu taa ya nini?" Pazi aliuliza, na watu wakacheka.

Mwanvita aliifunga kandili kwenye kamba nyembamba, akaiachia. Watu wakainama. Kandili ilishuka inang'aa, ikimulika mawe yenye matundu kama mfupa mkavu. Ilipofika karibu na pale alipokumbuka wimbo ulikatika, mwanga ulipungua. Haukuyumba. Ulifupika, ukawa uzi mwekundu, ukaisha, na giza likapanda juu kuwapokea waliokuwa wameinama.

"Mafuta yameisha," mtu akasema.

Akaivuta. Mafuta yalikuwa tele. Akaiwasha, akaishusha. Ikafa palepale. Mara ya tatu Bwanaheri alimnyang'anya kamba akaishusha mwenyewe, polepole, macho yake hayapepesi. Yeye alikuwa mtu wa moto. Alijua namna moto unavyokufa kwa upepo, kwa maji na kwa uchovu. Huu haukufa kwa lolote la hayo.

"Hii," alisema, kwa sauti ambayo Mwanvita hakuwahi kuisikia, "ni ile ya tanuri."

Kila mchoma chokaa wa pwani ile anaijua. Mtu akilala upande unaoshukia moshi wa tanuri, hata moshi wenyewe ukiwa umekwisha, haamki. Bwanaheri alikuwa amewafukuza vibarua mahali hapo maisha yake yote. Hakuwahi kuwaza kwamba kile kinachotoka kwenye jiwe kwa moto, kingeweza kuwa kimelala ndani ya jiwe lenyewe, kwake, uani.

Akamfungua Rajabu kamba. "Leo hapana," alimwambia Pazi, na Pazi, kwa haraka zake zote, hakubisha.

Watu walipotawanyika, mzee alibaki ameketi ukingoni. Mwanvita akaketi karibu naye.

"Siku ile kilikuwa kinatoa," Bwanaheri alisema.

"Ndiyo, baba."

"Asubuhi alitaka kushuka. Mimi nikamzuia."

"Hukujua. Hapakuwa na aliyejua."

"Nimekuuliza kama nilijua?" Hakusema kwa hasira. Kisima kiliendelea kuwatolea usoni pumzi yake ya baridi. Kisha mzee aliuliza, "Asubuhi taa itafika chini?"

"Nadhani itafika."

"Unadhani."

"Sijajaribu, baba. Tutaijaribu pamoja."

Walijaribu alfajiri, baada ya swala. Kijiji hakikuja, nani angesimama karibu na kisima kinachovuta? Walikuwepo wao wawili, Mize mlangoni, Pazi mbali kidogo, na Rajabu, aliyekuwa kijana wa mbali asiyejua miiko ya pale. Hewa iliwapita miguuni kuelekea shimoni. Moto wa kandili ulivutwa chini kwenye kioo, ukainama, lakini ukawaka. Ukawaka mpaka chini kabisa, na huko wakaona kitu ambacho hakuna aliyekiona tangu siku ile: maji, meusi, yametulia, na taa ya pili ndani yake ikiwatazama.

Rajabu akashuka. Bwanaheri na Pazi walishika kamba. Hakuna aliyeita jina. Walimsikia akigonga mawe, wakavuta matope, ndoo baada ya ndoo. Kisha kugonga kukakoma. Bwanaheri alikaza kamba mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mwanvita alitazama kandili iliyoachwa kule chini: inawaka. Kila alichojifunza kilimwambia mtu yuko salama, na kila kiungo cha mwili wake kilimwambia kamba inaongezeka uzito.

Kamba ikatikiswa. Wakamvuta. Rajabu alitoka mzima, akihema, matope mpaka masikioni, mkononi kopo la maji safi. Mwanvita akayaonja; hayakuwa na chumvi hata chembe. Lakini Rajabu hakuwa anatazama maji.

"Mwalimu, huko chini kuna nani?"

"Hakuna mtu. Kuna mapango, ubavuni. Hewa inapita humo, ndiyo unayoisikia. Kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa."

"Nimeliona tundu. Nami nilidhani ni upepo." Akajifuta uso. "Nikabana pumzi ili nisikilize vizuri. Nacho kikabana. Nikaachia, kikaachia. Nikabana tena, kikaningoja."

Pazi akacheka kidogo, peke yake. Rajabu alimaliza kazi kesho yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa ahadi, lakini aliifanya huku akipiga kelele mfululizo, akiimba, akitukana, akisoma kila aya aliyoijua, asije akapata nafasi ya kusikia. Akapanda gari la Chalinze bila kungoja chakula.

Kuhusu maji, Mwanvita aliwakusanya watu na kuwaeleza jambo ambalo Pilau ilimfundisha vyema. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, mfano wa samli juu ya mchuzi. Ukichota kwa upole, unapata samli. Ukivuta kwa mashine, mchuzi unapanda. Wakakubaliana kisima kile kitachotwa kwa ndoo na kwa mikono tu, na Pazi, ingawa ilimuuma, akaifunika mashine yake kwa turubai. Maji ya Kwa Mkocho yakabaki matamu.

Bwanaheri hakuchoma chokaa tena. Alikuwa mlinzi wa kisima, na kila kilipohitaji kusafishwa ndiye aliyeteremsha taa, alfajiri, na akarudia tena na tena mpaka watu wakachoka. Habari za Sadallah hakuzizungumza na binti yake tena, wala hakumchukia. Ila chakula alikula kidogo sana, kama Mize alivyohofia, na miaka miwili baadaye, wakati Mwanvita anajiandaa kwa mitihani ya mwisho, akafariki kitandani, mchana, usingizini. Mize alisema alimsikia akivuta pumzi ndefu, akangoja aitoe.

Mwanvita alimaliza, akapangiwa sekondari moja upande wa Chalinze, mbali na matumbawe. Akafundisha fizikia na kemia mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa mwalimu mzuri, mkali wa haki. Mishumaa na jagi aliwaonyesha wanafunzi wake kila mwaka, maana alisema mtu akishaona hivyo hafi kijinga. Barometa shule haikuwa nayo. Lakini wanafunzi wake wa zamani husimulia kwamba kila siku, mara nyingi katikati ya sentensi, mwalimu alinyamaza ghafla, chaki ikiwa hewani, kifua chake hakiendi, kana kwamba anamsikiliza mtu. Darasa zima lilijifunza kunyamaza naye. Halafu alishusha pumzi, akaendelea pale alipoachia, na kengele ya saa nne ndipo ikagongwa.